Bafu dogo la wageni: nianze na vigae au nianze na mabomba?

Mwenye Bafu

Salaam, ndugu zangu. Nina bafu la wageni lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1, lililo kwenye sakafu ya chini, ambalo halijaguswa tangu nyumba ilipojengwa. Mlango uko kwenye ukuta mfupi na hufungukia ndani, hivi kwamba mgeni akitaka kuufunga hana budi ajibanze kwanza kati ya sinki la kunawia na ukuta, aupishe, kisha ndipo ausukume. Choo cha kukaa kiko kwenye ukuta wa mwisho unaotazamana na mlango, na bomba la mvua limefungwa katikati ya hivyo viwili, kwa hiyo mtu mmoja akishaoga, anayefuata kwenda chooni hukanyaga maji apende asipende.

Kuna jambo jingine ambalo nililichukulia kuwa dogo. Upande wa pili wa ukuta mrefu lilipofungwa bomba hilo la mvua, ndani ya chumba cha kulala, rangi imevimba na kubanduka kwa kimo cha shubiri moja kutoka sakafuni. Nimeipaka upya mara mbili, na mara zote mbili imevimba tena palepale.

Nimewaita mafundi wawili, nao wameniacha njia panda. Wa kwanza anasema atabandika vigae vipya juu ya vile vya zamani, na kazi itakwisha kwa siku tatu. Wa pili anataka kubomoa kila kitu hadi kwenye tofali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kukihamishia choo kwenye ukuta mrefu ili sehemu ya kuogea ikae mwisho kabisa, kuweka choo cha kuning'inia ukutani ambacho tangi lake hufichwa ili niokoe nafasi, na kutumia vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60 hadi sakafuni, kwa kuwa vina maungio machache. Naomba mnisaidie kujua ni lipi katika haya lina maana na ni lipi ni pambo tu.

Fundi wa Vigae

Ndugu Mwenye Bafu, hilo la rangi uliloliita dogo ndilo linaloamua mengine yote. Rangi inayovimba mahali pamoja mara tatu haina kosa lolote. Ukuta una maji, na maji hayo yana mahali yanapotokea. Ukibandika vigae juu ya vigae utakuwa umeyafunika, na zaidi ya hapo utakuwa umeipandisha sakafu kwa sentimita moja na nusu hivi, yaani kigae pamoja na gundi yake, jambo litakalokufanya ukate mlango kwa chini na kukuacha na kizingiti kifupi kuliko unavyohitaji kuyazuia maji yasitoke nje.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika nyundo, fanya vipimo viwili ambavyo havihitaji fundi. Kwanza, funga koki zote za nyumba, hakikisha tangi la choo halijazi, kisha itazame mita ya maji kwa muda wa saa moja. Ikisogea, bomba linaloleta maji linavuja mahali. Isiposogea, nenda kwenye kipimo cha pili: ziba tundu la kutolea maji la sakafu ya kuogea kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwaga maji hadi yafike kina cha sentimita mbili au tatu, na uweke alama ya penseli pale yalipoishia. Kando yake weka beseni lenye maji, nalo ulitie alama. Baada ya saa 24 linganisha. Beseni litakuonyesha maji yaliyokwenda kwa kukauka tu. Kinachozidi hapo kimepita sakafuni.

Wakati unasubiri, chukua mpini wa bisibisi ugongegonge vigae kimoja baada ya kingine. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mkavu na mfupi, na kilichoachana na lipu husikika kama debe tupu. Mara nyingi vile vinavyolia hivyo hupangana kwa mstari, na ukiufuata mstari huo unakupeleka kwenye tundu la maji au kwenye kona.

Watu wengi wanaamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji, na imani hiyo imewagharimu wengi. Kigae chenyewe hakipitishi maji, ndiyo, lakini ile saruji ya kujazia maungio huyanyonya kidogo kidogo kila mtu anapooga, na maji yakishafika chini ya kigae hayana njia ya kurudi juu. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa juu ya lipu kabla ya gundi ya vigae. Hupakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatiza ule wa kwanza, na kila kona, kila mahali ukuta unapokutana na sakafu, na kila mahali bomba linapotokeza, huwekwa utepe wa wavu uliozamishwa ndani ya dawa hiyo. Sehemu ya kuogea ipakwe hadi kimo cha mita 2, na kwingineko ipande ukutani walau sentimita 15. Dawa ikishakauka, rudia kipimo cha kujaza maji kwa saa 24 kabla hata kigae kimoja hakijabandikwa. Fundi atakayekwambia kwamba kipimo hicho kinampotezea muda, mshukuru na umtafute mwingine.

Kuhusu vigae vya 60 kwa 60, ukutani ni sawa. Sakafu ya kuogea, hata hivyo, inahitaji mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita, na kama tundu liko katikati mteremko huo unatoka pande nne. Kigae kikubwa hakipindi; itabidi kikatwe kwa mshazari kuelekea kwenye tundu, nawe utakuwa umeongeza maungio badala ya kuyapunguza. Ama weka mchirizi mrefu kando ya ukuta ili sakafu yote iteremke upande mmoja, ama tumia vigae vidogo vya sentimita 5 au 10 visivyong'arishwa. Miguu yenye sabuni hushika vizuri zaidi palipo na maungio mengi. Na pale ukuta unapokutana na sakafu usijaze saruji ya maungio bali silikoni, kwa maana sehemu hizo mbili husogea kila moja kwa namna yake na saruji hupasuka.

Msanifu Mstaafu

Naunga mkono maelezo ya fundi, nami nitabaki kwenye vipimo vya chumba. Upana wa mita 1.2 ulioutaja hautabaki mita 1.2. Kukiwa na lipu mpya, gundi na vigae pande zote mbili, jihesabie sentimita 117 na uchore kwa kutumia namba hiyo. Nimeona mlango wa kioo ukirudishwa kiwandani kwa sababu ya sentimita mbili ambazo hakuna aliyezihesabu.

Choo cha kawaida chenye tangi lake hutokeza kama sentimita 68 kutoka ukutani. Ukikihamishia kwenye ukuta mrefu, mbele yake zitabaki sentimita 49, ambazo ni chache mno kwa magoti ya mtu mzima na kwa anayepita kwenda kuoga. Choo cha kuning'inia hakitakuokoa, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo: bakuli lake hutokeza sentimita 50 hivi, lakini fremu yake pamoja na tangi hukaa nyuma ya ukuta wa bandia wenye unene wa sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo jumla inarudi ileile. Faida yake ya kweli ni kwamba sakafu hupigwa deki kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba siku tangi litakapoharibika, utalitengeneza kwa kuingiza mkono kwenye kidirisha chenye ukubwa wa kitabu.

Mimi ningekiacha choo kilipo na kugeuza mlango ufungukie nje. Hilo la mlango ni kazi ya bawaba na fremu, na linakurejeshea nafasi kubwa kuliko mabadiliko mengine yote uliyoyaorodhesha. Linaokoa pia kwa namna nyingine: mtu akianguka bafuni na kuuegemea mlango unaofungukia ndani, walio nje hawawezi kuufungua.

Mlezi wa Mama

Mzee Msanifu, nakubaliana nawe kuhusu mlango, ila sikubaliani nawe kuhusu kukiacha choo. Kwangu mpangilio ulikuwa huohuo wa kukanyaga maji ili kufika chooni. Mama yangu alipokuja kukaa nami kwa miezi miwili, aliteleza usiku wa tatu, saa moja na zaidi baada ya mtu wa mwisho kuoga, kwa sababu sakafu ya chumba kisicho na hewa ya kutosha haikauki. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo alikuwa akinisubiri niamke ndipo aende. Mgeni hajui pa kukanyaga gizani kama mwenye nyumba anavyojua. Viko vyoo vifupi vinavyotokeza sentimita 60 tu, na ukitumia kimojawapo zitabaki 57 mbele yake, ambazo si za starehe lakini zinatosha.

Kama kuta zitabomolewa, naomba ufikirie kishikio cha mkono kando ya choo na kingine sehemu ya kuogea, kwa kimo cha sentimita 85 hadi 90. Kikifungwa kwenye tofali lenye uwazi ndani, skrubu hutoka mtu anapojivuta kwa uzito wake wote, kwa hiyo mahali hapo pajazwe zege au pawekwe ubao mgumu sasa hivi, hata kama kishikio chenyewe utakinunua baadaye.

Jambo la mwisho linahusu bafu ambalo halitumiki kila siku. Chini ya kila tundu la sakafu na kila sinki kuna mpindo wa bomba unaobaki na maji, kina cha sentimita 5 hivi, ambayo kazi yake ni kuziba harufu ya maji taka. Bafu likikaa wiki kadhaa bila kutumiwa, maji hayo hukauka, harufu hupanda, na watu huanza kumlaumu fundi. Mimi humwaga kopo la maji kwenye kila tundu kila baada ya wiki mbili, na nikisafiri huongeza vijiko viwili vya mafuta juu yake, kwa kuwa mafuta huelea na kuyachelewesha maji yasikauke. Vilevile, kabla mgeni hajafika, fungua maji ya moto na ya baridi yatiririke kwa dakika kadhaa huku umekishusha kichwa cha bomba la mvua karibu na tundu ili yasirushe matone. Maji yaliyolala bombani kwenye nyuzi joto kati ya 20 na 45 huweza kukuza bakteria aitwaye Legionella, ambaye humdhuru mtu anapovuta hewa yenye matone yake.

Mwenye Bafu

Nawashukuru nyote. Nimefanya vipimo. Mita haikusogea hata kidogo kwa saa nzima. Sakafu ya kuogea nayo ilipoteza zaidi ya sentimita moja usiku mmoja tu, wakati beseni lilipungua kwa kiasi nilichohitaji kuinama ili nikione. Nikang'oa kigae kimoja kilicholia kama debe, karibu na tundu. Gundi iliyokuwa chini yake ilitoka na mwiko kama tope, na sikuona dalili yoyote ya dawa ya kuzuia maji, saruji tupu. Basi nimempigia simu yule fundi wa pili.

Bado nasitasita kuhusu choo. Chemba ya maji taka iko nje, nyuma ya ukuta wa mwisho, na kukihamisha kutahitaji kukisogeza takribani mita moja. Je, mteremko utatosha?

Fundi wa Vigae

Kwa umbali huo utatosha. Bomba la choo la milimita 110 linahitaji kushuka kama sentimita mbili kwa mita, na kwa kuwa uko sakafu ya chini, zege linaweza kukatwa mfereji bila kugusa kitu kinachobeba nyumba. Ungekuwa ghorofani nisingekushauri uguse zege kabla mhandisi hajaliona. Sharti langu ni moja, nalo ni kwamba bomba hilo litapita chini ya sakafu mpya ya kuogea, kwa hiyo kipande hicho kiwe bomba moja zima lisilo na kiungo, na upige picha za mfereji ukiwa wazi huku tepu ya kupimia ikionekana. Picha hizo zitamfaa atakayetoboa sakafu hiyo miaka kumi ijayo.

Msanifu Mstaafu

Kama ni sakafu ya chini na chemba iko karibu hivyo, naiondoa hoja yangu, na Mlezi wa Mama yuko sahihi. Jaribu hesabu hii: sehemu ya kuogea ichukue sentimita 85 za mwisho, katikati ya choo iwe sentimita 40 kutoka hapo, na 40 nyingine upande wa pili, zinabaki kama sentimita 42 kuelekea mlangoni, zinazotosha sinki dogo. Kabla ya kuagiza chochote, chora vyote hivyo sakafuni kwa utepe wa karatasi, weka kiti mahali pa choo, uketi, kisha umwombe mtu mwingine apite mbele yako.

Usisahau feni ya kutolea hewa, ambayo bomba lake litoke hadi nje ya nyumba na si kuishia juu ya dari, na uache uwazi wa sentimita moja chini ya mlango ili hewa ipate pa kuingilia. Swichi iwe nje ya bafu, na saketi yake ilindwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30.

Mwenye Bafu

Nimeketi kwenye kiti, na mke wangu amepita mara mbili, mara ya pili akiwa amebeba ndoo. Ndoo iligusa goti langu. Nimeagiza choo kifupi, kazi ya kubomoa itaanza Jumatatu, na ule ukuta wa chumbani nitauacha ukauke kabisa ndipo niupake rangi kwa mara ya tatu.