Siku ya 26, matiti yanauma, mate yanajaa mdomoni: ni mimba au najidanganya?

Mtarajiwa
Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada maana nahisi nitachanganyikiwa. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wa kwanza, nilikuwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango nikaacha miezi 4 iliyopita, siku zangu zikarudi vizuri tu ila mzunguko wangu ni mrefu, mara siku 32 mara 33. Mwezi huu tukasema sasa tufanye kweli, tukalenga siku ya 14 tangu hedhi ianze kama watu wanavyosema, tukakutana siku ya 12, 13, 14 na 15 halafu tukapumzika. Basi siku ya 17 asubuhi naamka na kichefuchefu! Tangu hapo matiti yamejaa hata sidiria siitaki, mchana usingizi, mate yananijaa mdomoni, mkojo kila saa. Leo ni siku ya 26. Nimeshapima mara 3, juzi, jana na leo, mstari mmoja. Ila cha leo nilikiacha pembeni ya sinki nikaenda kuoga, nikakaa na simu, narudi baada ya kama nusu saa nakuta kimstari cha pili chembamba kimepauka, ukikilaza kwenye mwanga unakiona, ukikinyoosha hakipo. Mume wangu anasema ni macho yangu tu. Jamani ni mimba hii? Na kama sio, nijiandae vipi, maana naona nilikurupuka tu bila maandalizi yoyote.

Mama_Mapacha
Hongera mamii hiyo ni mimba kabisa!! Mate kujaa mdomoni ndo dalili yenyewe, mimi nilijua siku ya tatu tu baada ya kukutana na mume wangu, mwili wako haukudanganyi. Usipime tena subiri tumbo lol

Zamu_ya_Usiku
Mama Mapacha usimpandishe mwenzio presha 😅 mimi ni mkunga, ngoja nimpigie hesabu maana hapa jibu liko kwenye kalenda.

Mdogo wangu Mtarajiwa, ile siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai linapevuka kama siku 14 KABLA ya hedhi inayokuja, sio siku 14 baada ya iliyopita. Wewe mzunguko wako 33, toa 14, unabaki na 19. Ni makadirio, linaweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa, lakini ona sasa: kichefuchefu chako cha siku ya 17 kimekuja pengine yai lenyewe hata halijatoka. Hiyo haiwezi kuwa mimba. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani hadi siku 5 hivi, yai linaishi saa 12 mpaka 24 tu, kwahiyo siku zenu nzuri zilikuwa kama 14 hadi 19 na nyie mkapumzika siku ya 16 😀 Hamjakosa kabisa, ya 14 na 15 zina nafasi yake, ila zile siku mbili za kabla ya yai kutoka ndo zenye nguvu kuliko zote mkazilalia.

Haya, tuseme imetunga siku ya 19. Haijishikizi kwenye mfuko wa uzazi siku hiyohiyo, inasafiri kwenye mrija kwanza, kujishikiza ni kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kutoka, kwa wengi ya 8 hadi ya 10. Ile homoni ya mimba ambayo kipimo kinaitafuta kwenye mkojo inaanza hapo ndo kutengenezwa. Leo uko siku ya 26, yaani siku 7 tu. Hata kama kipo kitu huenda bado kiko njiani, unapima nini sasa? Subiri mpaka siku ya 34, pima mkojo wa kwanza wa asubuhi, kikitoka mstari mmoja na hedhi haijaja rudia baada ya siku 3, maana homoni hiyo mwanzoni inaongezeka karibu maradufu kila siku mbili tatu. Na majibu soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, usitoke hapo ukaenda kuoga. Ule mstari wa nusu saa ni alama ya mkojo uliokauka, imewaliza wengi ile.

Matiti kujaa, usingizi, tumbo kujaa gesi, hivyo vyote vinaletwa na homoni ya projesteroni, na hiyo inapanda kila mwezi yai likishatoka, iwe kuna mimba au hakuna. Ndo maana dalili za mimba changa na dalili za hedhi kukaribia zinafanana kama mtu na pacha wake. Hata mimi mkunga mimba yangu ya pili nilidhani hedhi inakuja nikatembea na pedi kwenye pochi wiki nzima. Kichefuchefu chenyewe cha mimba wengi kinawaanza wiki ya 5 au 6, na wiki tunazihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mkojo wa kila saa, ukiwa na maumivu au unachoma, nenda ukapimwe UTI usisingizie mtoto.

Mtarajiwa
Jamani hiyo hesabu imenikata maini 😭 siku ya 16 mume alisafiri narudia kuisoma hapa nacheka mwenyewe. Na maandalizi je dada?

Zamu_ya_Usiku
Folik asidi (vile vidonge vya vitamini B9), anza leo, wala usisubiri kipimo. Mikrogramu 400 kila siku, mpaka mimba ifike wiki 12. Sababu ni kwamba sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto inafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, kipindi ambacho wengi ndo kwanza wanashangaa mbona hedhi imechelewa. Ukianza kumeza siku ya kwanza ya kliniki kwa kazi hiyo umeshachelewa. Kama umewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au una kisukari au unatumia dawa za kifafa, hiyo dozi haikutoshi, daktari atakuandikia kubwa zaidi, yaani ile ya 5 mg.

Halafu dawa. Chochote unachomeza cha kudumu, presha, kisukari, kifafa, hata vile vidonge vikali vya chunusi, kamuulize daktari kabla ya kushika mimba kwasababu baadhi vinaharibu mtoto, ila usiache mwenyewe kimyakimya, kifafa kikikurudia ukiwa mjamzito ni hatari nyingine. Kapime damu, kundi la damu, HIV, kaswende, sukari, presha, na mwenzio naye apime. Ukichomwa chanjo ya rubella (ule ugonjwa wa vipele kama surua) subiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta.

Baba_wa_Mmoja
Naona kaka mwenye mke kaachwa nje ya mada kabisa. Mbegu zinachukua karibu miezi 3 kutengenezwa, kwahiyo unachofanya leo kinaonekana mwezi wa tatu huko. Mimi nilikuwa navuta sigara na laptop nakaa nayo mapajani kutwa, joto halipatani na korodani, daktari aliniuliza swali hilo moja nikaona aibu. Mke wangu alipimwa kila kitu mwaka mzima mimi sijapimwa hata mara moja, kumbe mbegu zangu ndo zilikuwa chache. Shemeji yetu apunguze pombe na sigara, na mkifikisha mwaka bila kitu mkapime WOTE, na kama bibie ana miaka 35 au zaidi msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha.

Nuru_ya_Asubuhi
Naongezea moja tu maana hamjaisema. Mimi kipimo kilitoka mistari miwili nikafurahi nikawapigia watu simu, wiki iliyofuata nikaanza kuona matone ya damu, kuna dada akaniambia ni mimba inajishikiza, kawaida tu. Nikatulia. Siku ya tatu maumivu upande mmoja wa chini ya tumbo, halafu bega, nikasema nimelalia vibaya. Nilidondokea bafuni. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija na mrija umepasuka, nilifanyiwa upasuaji usiku huohuo. Matone kidogo kweli yanatokea kwa baadhi ya watu na mimba inaendelea salama, lakini damu ikija na maumivu ya upande mmoja, maumivu ya bega au kizunguzungu, usiandike huku kuuliza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mama_Mapacha
Pole sana Nuru 😢 Basi nafuta kauli yangu ya siku ya tatu, mie pengine nilibahatisha tu.

Mtarajiwa
Narudi na mrejesho. Sikupima tena nilijikaza, vipimo viwili vilivyobaki nilimpa mume akavificha. Siku ya 33 asubuhi hedhi ikaja. Nimelia kidogo sitaficha. Folik asidi nimeanza tangu ile siku mliponiambia, mume sigara kapunguza (anasema kaacha ila koti lina harufu), na kuanzia siku ya 13 mwezi huu hakuna safari. Swali jingine: jana nilisahau kidonge, leo nimeze viwili?

Zamu_ya_Usiku
Pole mdogo wangu. Hapana, kimoja tu kama kawaida, cha jana kiache. Kiweke karibu na mswaki hutosahau. Na siku ya kwanza ni ile damu ilipoanza kutoka kweli, matone ya kahawia ya jana yake usiyahesabu.