Kundi la ukoo: Jack Leslie na kofia ya England

Dulla: Nyie mashabiki wa West Ham humu (najua ni Anko peke yake 😂) mnamjua Jack Leslie?

Anko Sefu: Usinianze asubuhi hii. Leslie yupi?

Dulla: Wa zamani sana Anko. Kazaliwa London 1901, baba Mjamaika mama mzungu. Plymouth Argyle walimchukua 1921 akacheza pale mpaka miaka ya 30 huko, mechi kama 400 magoli 137 na unahodha akapewa. Sasa 1925 meneja wake Bob Jack anamwita ofisini anamwambia umechaguliwa timu ya taifa ya England. Plymouth nzima shangwe. Baadae kikosi kinatoka, jina lake hamna, kawekwa mtu wa Aston Villa

Mama Nasra: Aliumia?

Dulla: Wapi. Rangi. Mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba wakubwa wa FA, chama cha mpira cha England, walikuja kumtazama mara ya pili, ila safari hii hawakuja kuangalia mpira wake walikuja kuangalia uso

Mama Nasra: Astaghfirullah

Dulla: Ngoja. Iyo mechi yenyewe England na Ireland kule Belfast ikaisha 0-0. Siku hiyohiyo Plymouth wanampiga Bournemouth 7-2, na Leslie katupia mbili

Anko Sefu: 😂😂😂 Wakome. Sasa West Ham inaingiaje hapo

Dulla: Ndo panapouma Anko. Alipoacha mpira akarudi London kwenye ufundi wake wa maboila, na umri ulipokwenda akapata kazi West Ham, chumba cha viatu. Yani anasafisha na kung'arisha viatu vya kina Bobby Moore na Geoff Hurst, watu wa timu ya taifa hao, ile timu aliyoitwa yeye halafu wakamfutia jina

Anko Sefu: Weee. Nimeshabikia hii timu toka nasoma, nawajua mpaka makipa wa akiba, huyu sijawahi kumsikia hata siku moja

Shangazi Mwajuma: Na hiyo heshima amepewa lini

Dulla: Kafariki 1988 shangazi. 2022 wakamsimamishia sanamu nje ya uwanja wa Plymouth, mashabiki ndo walichanga, ilipita pauni laki moja. Halafu FA wakampa kofia ya heshima, ile wanayopewa wachezaji wa timu ya taifa, familia ikakabidhiwa uwanja wa Wembley Machi 2023 kabla ya mechi na Ukraine

Shangazi Mwajuma: Mtu yuko kaburini miaka 35 ndo mnampelekea kofia?? Avae nani. Wangempa akiwa anasugua hivyo viatu ningewaelewa, mlango ulikuwa wazi na mzee mwenyewe yupo pale kila siku

Shem Kibwana: Shangazi kagonga penyewe. Hii ya kuwapa marehemu ni wazungu wanajisafisha tu

Zuhura: Mi nakataa kidogo shem. Hata kama wanajisafisha, imebidi wakiri hadharani kwamba alinyimwa na kwamba ni kosa wanalirekebisha. Kabla ya hapo ukiuliza mweusi wa kwanza kuchezea timu ya wakubwa England unaambiwa Viv Anderson 1978 basi, unaona kama hakukuwa na mweusi anayejua mpira miaka yote ile. Sasa hivi mtoto akisoma 1978 atauliza na 1925 je. Hiyo kofia sio ya kuvaa, ni risiti

Shem Kibwana: Risiti bila chenji 😏

Babu Mzee: Assalam aleikum wote. Nimewasoma. Huyo ana bahati

Zuhura: Waaleikum salaam, shkamoo Babu. Bahati gani tena?

Babu Mzee: Marahaba. Nyie mnapita barabara ya Samora hapo Dar kila siku kwenye sanamu ya Askari. Vita ya kwanza Waingereza waliwachukua watu wetu kubeba mizigo ya jeshi, wakafa kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Mzungu akifa jiwe lake na jina lake. Mpagazi akifa hana jiwe wala jina. Hiyo tume yao ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola 2021 imekiri yenyewe kuwa watu wasiopungua 116,000 hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri, na sababu wakasema ni ubaguzi. Na pale Samora wapagazi wametajwa kwa maneno mazuri, jina la mtu hata moja hulikuti

Anko Sefu: Babu hii nzito

Zuhura: Kumbe ndo bahati unayosema. Leslie magoli yake yapo kwenye magazeti ya kule, mtu anafukua anaonyesha. Hawa utaanzia wapi na daftari lenyewe wengi wao halikuwaandika

Babu Mzee: Umenielewa mjukuu wangu

Shem Kibwana: Mi nimerudi nyuma. Wangeanza na hawa

Shangazi Mwajuma: Dulla niandikie hiyo ya wapagazi peke yake nipeleke kundi la wazazi wa shule, mwalimu wao wa historia yumo. Na mambo ya West Ham utoe, wale hawataki mpira