Nimemaliza anime ya Death Note, nisome na manga au nihamie kwenye muvi?

Kobe_Mtulivu:
Wakuu habari zenu. Nimemaliza Death Note, ile katuni ya Kijapani ya Light, mwanafunzi anayeua watu kwa kuandika majina yao kwenye daftari, zile episodi 37 zote, na mpaka ya 25 anapokufa L, mpelelezi anayemsaka, nilikuwa nimeganda kwenye skrini. Baada ya hapo sijui kimetokea nini, wakaletwa Near na Mello, warithi wa L, miaka ikaruka, watu wanakufa hata hujawazoea, mara paap tuko gudauni na Light anakimbia huku anavuja damu. Sa nauliza, manga, yaani vitabu vyake vya michoro, nayo iko hivyohivyo au anime ndo ilikimbiza? Na hizi muvi za watu halisi naona ziko kibao, za Kijapani na ile ya Netflix, ipi ya kuanza nayo na ipi nisihangaike nayo? Spoila ruksa, mwisho naujua tayari.

msomaji_wa_usiku:
Anime ndo ilikimbiza mkuu. Piga hesabu mwenyewe, manga ina chapta 108 na L anakufa kwenye ya 58, kwa hiyo chapta 58 zilipewa episodi 25 halafu 50 zilizobaki wakazibana kwenye episodi 12, hapo lazima vitu vikatwe tu, na kilichokatwa sana ni watu kufikiri. Kwenye manga unamwona Near anavyopanga mambo hatua kwa hatua mpaka anafika, kwenye anime ni kama anabahatisha. Ila aliyeonewa kuliko wote ni Mello. Yule jamaa ndo kavuruga kila kitu: alipomteka Takada, mtangazaji anayemsaidia Light, Mikami, mfuasi anayemuandikia Light majina, akakurupuka kwenda benki kuandika jina kwenye daftari la kweli alilokuwa kalificha huko, ndo watu wa Near wakajua lile analotembea nalo ni feki. Bila Mello, Light anashinda, hamna ubishi. Kwenye anime hilo jambo lipo ila ukipepesa jicho limekupita.

Na mwisho wake sio ule ulioona. Kwenye manga hakimbii popote, anafia palepale gudauni, chini, analia na kumwomba Ryuk, mungu wa kifo mwenye daftari, asimuandike, aibu tupu. Halafu kuna chapta ya mwisho ya mwaka mmoja baadaye, Matsuda (ndio, polisi huyohuyo wanayemwona zuzu) anaanza kuhisi kwamba Near alimuandika Mikami kwenye daftari ili asishtukie mchezo. Haithibitishwi wala haikanushwi. Mi hiyo chapta naipenda kuliko gudauni lenyewe.

Bibi_wa_Shinigami:
Hapo kwenye mwisho sikubaliani na wewe msomaji. Mkurugenzi wa anime, Tetsurō Araki, kampa Light kifo cha upweke, jua linazama, kalala kwenye ngazi, L anamtokea, ile inauma. Ya manga ni kumdhalilisha tu.

Kobe, kwa muvi anza na mbili za 2006 za Shusuke Kaneko, ya kwanza ya Juni na ya pili Novemba mwaka huohuo. Manga ilikuwa imeisha Mei tu kwenye jarida la Shonen Jump, kwa hiyo ziko karibu nayo kabisa ila haziifuati kama kondoo. Light ni Tatsuya Fujiwara, L ni Kenichi Matsuyama, na huyo Matsuyama jamani, anavyokaa, anavyokula vitu vitamu, utasema katoka kwenye karatasi. Humo Light ana demu anaitwa Shiori ambaye kwenye manga hayupo, na anamuua kwa daftari ili watu wamuonee huruma na apate pa kuingilia kwenye kikosi kinachomsaka Kira, yaani Light mwenyewe. Ubaridi huo hata manga haikufika.

Ila kilichoniua mimi ni ya pili. Daftari linaruhusu kupanga kifo mpaka siku 23 mbele, na jina likishaandikwa haliandikwi tena, si ndio? Basi L anajiandika mwenyewe kwanza, afe kwa amani baada ya siku 23, kwa hiyo Rem, mungu wa kifo mwingine, anapokuja kumuandika haifanyi kazi, Light anajua kashinda anaanza kujitangaza, kumbe jamaa yuko hai anamsikiliza. L anashinda kwa kulipa na uhai wake. Near na Mello hawahitajiki tena, hadithi imefungwa. Kwangu hiyo inazidi manga na anime zote mbili, mniue.

msomaji_wa_usiku:
Nakupa hiyo ya siku 23, ni akili kweli. Ila usimdanganye mtoto wa watu akaenda kuangalia na ile ya L peke yake ya 2008, mambo ya virusi, daftari karibu halina kazi.

Daftari_Jeusi:
Netflix ya 2017 watu wanaitukana kwa sababu isiyo sahihi. Kuhamishia Seattle na kumuita Light Turner sio dhambi. Tatizo ni Light mwenyewe. Kwenye manga anamwona Ryuk, anashtuka kidogo, halafu anamwambia alikuwa anamsubiri, na hapo ndo unaogopa, maana huyu mtoto ni hatari kuliko mungu wa kifo. Kwa Adam Wingard, mkurugenzi wa hiyo ya Netflix, anapiga mayowe, na haichukui muda kamuonyesha msichana daftari. Basi mchezo wa akili umekufa hapohapo. Sauti ya Willem Dafoe kwenye Ryuk ni safi, Lakeith Stanfield naye alianza vizuri mpaka L akaanza kukimbia na bastola mtaani, L na bastola wapi na wapi.

Drama ya Nippon TV ya 2015, episodi 11, nayo ilipondwa kwa kumfanya Light mwanafunzi wa kawaida, ila mi niliielewa. Inauliza swali tofauti, mtu asiye jiniasi akiokota hilo daftari inakuaje.

Kobe_Mtulivu:
Dah asanteni. Sa manga nikianzia pale L anapokufa nitapoteza kitu au lazima nirudi mwanzo?

Bibi_wa_Shinigami:
Volyumu ya 7, ndo humo anakufa. Hutapotea.

msomaji_wa_usiku:
Anzia mwanzo bwana, ni volyumu 12 tu, na michoro ya Takeshi Obata utairuka vipi? Ukimaliza tafuta ile chapta ndefu ya 2020, kuna dogo anaitwa Minoru anapewa daftari na Ryuk, haandiki hata jina moja, analipiga mnada kwa mataifa. Near yumo, kawa mkubwa, na safari hii hana cha kufanya.

Daftari_Jeusi:
Ila asiisome kabla ya hizo 108, maana hapa kuna watu wanaruka ruka.