Krosistichi (kudarizi kwa mishono ya misalaba): unauanzaje uzi bila fundo? Tupeane uzoefu

Bi Sindano
Kuna kitambaa cha kochi nimekigeuza nyuma, kimejaa mafundo kama ufuta juu ya mkate. Tuambiane, uzi unauanzaje ukakaa bila fundo? Tuchukulie Aida ya 14 (kitambaa cha vitundu, miraba 14 kwa inchi), nyuzi mbili, sindano butu namba 24.

Mwanakitanzi
Kitanzi. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita. Chomoa mmoja tu, sentimita 90, ukunje katikati. Ncha mbili zilizokatwa ndizo zinaingia kwenye tundu la sindano, kitanzi kinabaki mkiani. Wengi wanakosea hapa: wanaingiza upande uliokunjwa. Toboa kutoka chini, acha kitanzi cha sentimita 2 nyuma na ukishike kwa kidole, shuka kona ya mshazari, geuza kitambaa, pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta taratibu mpaka kilale. Ukivuta kwa nguvu kabla ya kukinasa, uzi wote unachomoka.

Zuu wa Nyuzi
Kitanzi tu, hakuna kingine.

Fundi Kimya
Hakuna kingine? Kitanzi kinataka idadi shufwa. Nyuzi tatu utafanyaje? Na uzi wa rangi zinazobadilika ukiukunja, rangi za ncha mbili zinagongana, mpangilio wote unapotea. Hapo tumia fundo la muda: piga fundo, ingia kutoka USONI, kama miraba 16 mbele kwenye mstari uleule unaoushona, kisha rudi uanze misalaba ukielekea kwenye fundo. Kila mshono unaukamata mkia ulio nyuma. Ukilifikia fundo, likate.

Mwanakitanzi
Bi Sindano ameuliza BILA fundo.

Fundi Kimya
Linakatwa, dada. Hakuna kinachobaki.

Mama Vitambaa
Acheni kubishana, tazameni fundo la kawaida linavyoharibu. Kitambaa cha meza, ua jekundu, kiko mbele yangu. Vitundu vya Aida viko wazi, na fundo la nyuzi mbili ni dogo. Kilipokamuliwa kwenye kufua, fundo likapenya likatokea usoni. Mguu wa kwanza wa msalaba umelegea, wa pili umefuata, sasa misalaba 11 ya petali imesimama kama nywele zilizotimka. Mkia nao ulivutwa nyuma ya sehemu isiyoshonwa, kwa hiyo wekundu wake unaonekana kwenye kitambaa cheupe kama mshipa chini ya ngozi. Fundo la pili halikupenya, lakini pasi imelibana mpaka limechora kivimbe usoni.

Zuu wa Nyuzi
Maskini ua! Linaokoleka?

Tata Shona
Fumua mpaka upate mkia wa sentimita 3, ufiche chini ya misalaba mitano iliyo nzima ya rangi ileile. Mkia ukiwa mfupi mno, pitisha kwanza sindano tupu chini ya misalaba, tundu likiwa karibu na mkia, NDIPO utunge uzi, uvute sindano. Baadaye piga pasi kwa nyuma, uso ukilalia taulo.

Juma Mto
Kwenye mto wa kochi nyuma haionekani, mafundo ruksa.

Mama Vitambaa
Si ruksa. Mto unakaliwa na kusuguliwa, fundo linapenya vilevile.

Bi Sindano
Na mstari wa kuzungushia ua, wa uzi mmoja?

Mwanakitanzi
Hapo kitanzi hakifai, nakubali.

Fundi Kimya
Hapo misalaba ipo tayari. Telezesha uzi nyuma chini ya minne au mitano, rudi chini ya mmoja wa mwisho ili ujifunge, ndipo utokee usoni. Uzi mweusi usiupitishe chini ya misalaba ya njano, utaonekana.

Bi Sindano
Nimefungua kitita cheusi sasa hivi. Naanzia kwenye majani, kijani ni kizito.