Uhuru wa mashoga wa New York kabla ya UKIMWI: ulikuwa mpana kiasi gani?

Mwanafunzi wa Historia

Ndugu wasomaji, ninaandika insha ya chuo kuhusu miji ya Marekani, nami nimekwama kwenye kipindi cha kati ya ghasia za Juni 1969, pale wateja wa baa ya mashoga ya Stonewall Inn walipowapinga polisi waliowavamia, na taarifa ya kwanza, ya Juni 1981, kuhusu ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Maandiko ninayoyasoma ama yanakisifu kipindi hicho kama pepo iliyopotea, ama yanakisimulia kama ulevi ambao adhabu yake ilikuwa njiani. Nahisi pande zote mbili zinaanza na maradhi, kisha zinarudi nyuma kutafuta chanzo. Je, wanaume walioishi wakati ule, pasipo kujua yatakayowafika, walikuwa na uhuru wa namna gani hasa, na kwa nini ulijikita mno katika ngono?

Wakili Mstaafu

Anza na sheria. Hadi mwaka 1961, kila jimbo la Marekani liliwaadhibu wanaume waliolala pamoja, hata kama ni watu wazima walioridhiana na mlango umefungwa. Illinois ndiyo iliyotangulia kuifuta sheria hiyo. California ilingoja hadi 1975, na New York, mji ambao kila msimulizi huutaja kwanza, ulibaki chini ya sheria hiyo hadi mahakama kuu ya jimbo ilipoibatilisha mwaka 1980. Maana yake ni kwamba takriban kipindi chote unachokiuliza, mambo yanayoitwa uhuru yalikuwa kosa la jinai katika mji uleule yaliposhamiri. Polisi walikuwa wamelegeza mkono, lakini kulegeza mkono si sawa na kukuachia.

Swali lako la pili ndilo zito. Kabla ya Stonewall, mamlaka ya leseni za vileo ya New York iliweza kuifunga baa kwa madai ya kukiuka utulivu, na kuwahudumia mashoga kulihesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha. Aprili 1966 wanaharakati waliingia katika baa ya Julius', wakajitambulisha wazi, wakaagiza vinywaji. Mhudumu akaifunika bilauri kwa kiganja, na picha ya tukio hilo ingalipo. Kwa kuwa mfanyabiashara mwenye jina la kulinda alizikwepa baa za aina hiyo, nyingi ziliangukia mikononi mwa Mafia, ambao waliwahonga polisi na kuuza pombe iliyochakachuliwa kwa bei ya kuumiza. Stonewall Inn yenyewe ilikuwa yao.

Sasa mtazame mwanamume aliyepanga kwa mwenye nyumba mkali na mwajiri anayeweza kumfukuza kazi akinong'onezwa tu. Angekutana wapi na mwenziwe? Hamamu, yaani nyumba ya kuogea ya kulipia, ilimpa chumba kidogo chenye kitasa, kwa saa kadhaa, bila mtu kumuuliza anatoka ukoo gani. Continental Baths, iliyofunguliwa 1968 chini ya hoteli ya Ansonia, ilikuwa na bwawa, ukumbi wa dansi na jukwaa ambapo Bette Midler aliimba huku Barry Manilow akipiga piano, na wasikilizaji wamejifunga taulo. Watu walienda kutafuta ngono, ndiyo, ila walikaa kwa sababu ya watu. Ngono ndiyo iliyokuwa imepigwa marufuku, hivyo sishangai kwamba ndiyo waliyoitwaa kwanza.

Tabibu wa Zamu ya Usiku

Naongeza upande wa dawa, kwa kuwa wanaowalaumu watu wa miaka ya 1970 kwa uzembe huusahau. Tangu miaka ya 1940 pensilini ilikuwa imeigeuza kaswende kuwa maradhi ya sindano, na kisonono hali kadhalika. Kondomu ilijulikana kama kinga ya mimba, na kati ya wanaume wawili hapakuwa na mimba ya kuogopa. Mtu aliyepimwa mara kwa mara na kutibiwa alijiona mwangalifu, na kwa elimu ya wakati ule alikuwa mwangalifu kweli.

Kilichowasumbua hasa ni homa ya ini aina ya B. Mwaka 1978 Wolf Szmuness wa benki ya damu ya New York alianza kuijaribu chanjo yake kwa wanaume mashoga 1,083 waliojitolea, na chanjo iliyoidhinishwa 1981 ilitegemea mikono yao. Sampuli za damu za miaka hiyo zilipopimwa baadaye, baadhi zilikuwa tayari na VVU. Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba virusi hivyo, ambavyo chimbuko la kuenea kwake ni Kinshasa ya miaka ya 1920, vilifika New York karibu na 1970 kupitia Karibiani. Yaani vilikuwapo takriban muongo mzima kabla ya daktari yeyote kuvishuku.

Mwanafunzi wa Historia

Nashukuru sana. Je, uhuru huo uliwafikia wote?

Msomaji wa Brooklyn

Haukuwafikia. Katika baa na disko kadhaa za Wazungu, kijana Mweusi aliombwa vitambulisho viwili au vitatu mlangoni huku Mzungu aliye nyuma yake akipita bila kuulizwa. Ndiyo maana Paradise Garage ya mtaa wa King, ambako Larry Levan alipiga muziki na pombe haikuuzwa, ilipendwa sana na Weusi na Walatino. Wala hamamu zote hazikuwa Continental: moto wa Everard Baths wa Mei 1977 uliua watu tisa.

Tena toka nje ya New York. Wiki mbili baada ya moto huo, wapiga kura wa kaunti ya Dade, Florida, ulipo mji wa Miami, wakihamasishwa na mwimbaji Anita Bryant, waliifuta kwa zaidi ya theluthi mbili kanuni iliyokuwa imewakinga mashoga dhidi ya ubaguzi kazini na kwenye makazi. Novemba mwaka huohuo San Francisco ilimchagua Harvey Milk, shoga aliyejitangaza wazi, katika baraza la mji. Mwaka mmoja baadaye alipigwa risasi ofisini. Ningekuwa wewe, ningeiandika sura nzima juu ya mwaka 1977 peke yake, na ningeanza na Miami.