Naomba ushauri: kuifuata njia ya treni ya Victoria, London, kwa miguu juu ya ardhi

Mkongwe wa Kizingo

Assalaam alaykum wanajamvi. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, nitakwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Walthamstow, kaskazini mashariki mwa London. Safari ya kwanza nilikaa wiki tatu, na karibu kila siku niliingia katika treni ya chini ya ardhi mtaani kwao na kuibukia Oxford Circus au Victoria, mfano wa panya buku anayehama shimo hili kwenda lile. Nilirudi Mombasa nikiwa siwezi kumweleza mtu kilichopo baina ya mashimo hayo.

Safari hii nimekusudia kuifuata njia hiyo ya Victoria kutoka mwisho mmoja hadi wa pili kwa miguu, juu ya ardhi, nikipita kila kituo. Vituo ni 16, kuanzia Brixton kusini hadi Walthamstow Central, na urefu wa reli ni kilomita 21. Nina miaka 63, moyo ni mzima, ila goti la kushoto hulalamika nikishuka ngazi. Je, nitembee siku moja au mbili? Nianzie upande upi? Na nitajuaje kwamba bado niko juu ya njia, ilhali reli yenyewe haionekani? Binti yangu anacheka na mama yake anasema huu ni utoto, kwa hiyo nawaombeni mnijibu kwa hoja.

Nahodha wa Tudor

Waalaykum salaam mzee mwenzangu. Reli ya kwetu ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, tena iko juu, inaonekana kwa macho. Umewahi kutembea kutoka steshini ya zamani hadi Makupa? Anza na hiyo kwanza, kisha tuzungumze habari za London.

Binti Kuze

Shikamoo baba. Nimeishi Tottenham miaka sita nikifanya kazi ya uuguzi, na sehemu kubwa ya njia hiyo nimeitembea, nyingine kwa hiari na nyingine kwa sababu treni zilikuwa zimesimama.

Jambo la kwanza ni mwanga. Sisi tumezoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini Desemba jua la London huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote haufiki muda wa saa nane. Kilomita 21 ni za reli. Barabara hupinda, kwa hiyo miguu yako itatembea zaidi ya hapo, na ukijumlisha chakula, choo na kusimama kutazama vitu, utamaliza gizani. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi nazo hufuatana ndani ya saa nne hivi, ndiyo maana ni vyema ujue mapema utakaposali. Upo msikiti karibu kabisa na kituo cha Finsbury Park, na upo mwingine Brixton, katika barabara ya Gresham. Kwa hayo yote nakushauri utembee siku mbili na ukatishe King's Cross, ambapo ni karibu na katikati ya njia.

Jambo la pili ni goti. Barabara za huko ni tambarare kuliko unavyofikiri. Ngazi za vituoni ndizo zitakazokutesa. Usishuke katika kila kituo, simama mlangoni, tazama jina, endelea. Viatu uvizoeze miezi miwili kabla, na usinunue vipya uwanja wa ndege kama alivyofanya mjomba wangu, aliyeishia kuuona mji kupitia dirisha la basi.

Anzia Brixton ili siku ya pili umalizie nyumbani kwa binti yako, uchovu ukutane na chai.

Mchora Ramani

Mzee ameuliza swali ambalo hapo juu limepitwa, nalo ndilo gumu: utajuaje kwamba uko juu ya njia?

Usiitegemee ramani inayobandikwa vituoni. Asili yake ni mchoro wa Harry Beck, mchoraji wa mitambo ya umeme, uliochapishwa mwaka 1933. Beck alinyoosha njia na kusawazisha nafasi za vituo ili abiria aelewe pa kubadilishia treni, wala hakukusudia kumwonyesha mtu umbali. Katika ramani hiyo Finsbury Park na Seven Sisters ni majirani tu. Ukitembea utakuta ni zaidi ya kilomita 3, karibu zote katika barabara moja ndefu inayoitwa Seven Sisters Road. Chukua ramani ya kawaida ya mitaa, utie alama vituo vyote 16, kisha ufuate barabara inayoviunganisha. Tundu lenyewe hupita chini ya nyumba za watu, na anayetaka kulifuata hatua kwa hatua itabidi abishe hodi katika kila mlango.

Hata hivyo kuna mahali njia inajitokeza, na hapo usipapite. Kati ya King's Cross na Highbury & Islington, ingia bustani ya Gibson Square. Utaona kijumba cha matofali chenye kuba, kama hekalu dogo la kale, ambacho kwa kweli ni tundu la kupumulia la njia ya Victoria. Wakazi wa pale waliukataa mnara wa zege uliokuwa umepangwa, wakapigana hadi wakajengewa kijumba hicho kinachofanana na mtaa wao. Mimi niliketi kwenye benchi pale kwa nusu saa, nikiwaza kwamba treni iko chini ya nyayo zangu na kando yangu mtu anamtembeza mbwa wake bila habari.

Mwana wa Bondeni

Napingana na dada Binti Kuze kuhusu upande wa kuanzia. Njia hii ilifunguliwa vipande vipande kutoka kaskazini: Walthamstow hadi Highbury & Islington Septemba 1968, ikafika Warren Street Desemba mwaka huohuo, Victoria Machi 1969, na Brixton Julai 1971. Pimlico ndiyo kitinda mimba, 1972. Ukianzia kwa binti yako utaifuata kama ilivyokua. Tena baada ya Blackhorse Road utapita kati ya mabwawa ya Walthamstow asubuhi, ndege wakiwa wengi na miguu yako ingali mipya. Ukifika pale umechoka, mabwawa hayo utayaona kama maji tu.

Binti Kuze

Kuhusu ndege nakubali. Lakini Seven Sisters Road siku ya kwanza itamkatisha tamaa mtu yeyote: magari, maduka ya simu, magari tena.

Mwana wa Bondeni

Afadhali aimalize mapema. Siku ya pili atapata Regent Street, bustani ya Green Park, kasri ya Buckingham kwa pembeni, kisha daraja la Vauxhall juu ya mto Thames, na mwisho soko la Brixton, ambako atakuta ndizi za kupika na mihogo.

Mkongwe wa Kizingo

Nawashukuru nyote. Nitatembea siku mbili, nikianzia Walthamstow na kukatisha King's Cross, na Gibson Square nimeitia alama kwa wino mwekundu. Kutoka Brixton nitarudi kwa treni yenyewe, inayomaliza njia nzima kwa nusu saa na ushei.

Nahodha, umenishika pabaya, kwa kuwa reli ya kwetu sijaifuata. Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nitaanzia steshini ya zamani hadi Makupa, na Jumamosi inayofuata nitatoka Feri nipite Mama Ngina, Ngome, Ndia Kuu na Marikiti hadi daraja la Nyali, viatu vya London vikiwa miguuni. Je, utakuja, au wewe ni nahodha wa barazani tu?

Nahodha wa Tudor

Nitakuja. Ila tusimame Mwembe Tayari tunywe chai, nami goti langu ni la kulia.