Kupimiwa mkao wa baiskeli kwa mtaalamu: nitoe hela?

Mpanda_Tegeta: Wakuu, kila Jumamosi naenda Bagamoyo na kurudi. Nikifika kilomita ya 40 goti linauma kwa mbele, vidole vya mikono vinakufa ganzi. Mtaalamu anataka nusu ya mshahara wangu anipime. Nitoe?

Mzee_wa_Gia: Subiri kwanza, mdogo wangu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Simama pekupeku ukutani, bana kitabu mapajani mpaka juu kabisa, pima toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Mimi nilipata sm 80, kwa hiyo juu ya kiti changu ni sm 70.6 toka katikati ya ekseli ya krenki, pale mikono ya pedeli inapozungukia. Miaka miwili nilikikalia sm 4 chini! Pandisha kidogo kidogo, usiruke.

Dada_Magurudumu: Kwangu hesabu hiyo haikutosha. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi, sikujua mpaka nilipopimwa. Mtaalamu alinitazama nikikanyaga saa mbili nzima, akanipachikia kipande chembamba chini ya kiatu. Iliniuma kulipa, lakini mgongo umetulia. Ningelipa tena.

Mpanda_Tegeta: Nimepima, niko sm 3 chini! Na ganzi je?

Mzee_wa_Gia: Usukani uko mbali au chini. Uinue kwanza.